Eka Moja na Nusu Isiyolimwa

Katika miaka yake sabini na miwili Verla Stensrud alikuwa amewadharau watu wengi, lakini hakuna aliyemdharau kwa raha kama Galen Hoefling, mume wa marehemu mdogo wake. Alimdharau kwa kofia yake ya kampuni ya mbegu, ambayo hakuivua mpaka afike mlangoni mwa kanisa. Alimdharau kwa jinsi alivyosifu mahindi yake kama vile yeye ndiye aliyeyaumba. Zaidi ya yote alimdharau kwa neno moja alilopenda kulitumia kila yalipotajwa makaburi ya tarafa yao ya Lien: magugu.

Makaburi yenyewe ni eka moja na nusu, yamezungushiwa waya, nayo yako katikati ya mashamba ya Galen. Wanorwe wa kwanza waliofika upande huo wa Iowa, Marekani, walizika watu wao pale kabla plau haijapita, na kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayelima juu ya babu yake, ardhi ile haikuguswa tena. Pande zote nne mbuga ilipinduliwa ikaisha. Ndani ya waya ikabaki kama ilivyokuwa, nyasi zake zikimpita mtu kimo ifikapo Agosti, maua ya zambarau na ya manjano, ndege wanaotaga chini, na mawe ya makaburi yakichungulia katikati yake kama watu waliosimama majini.

Verla hakuzaliwa akiijua mbuga. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha basi la shule, na kati ya zamu ya asubuhi na ya alasiri aliliegesha langoni pa makaburi, kwa kuwa nyumbani kulikuwa mbali na mumewe, aliyekuwa hai bado, alikuwa msemaji sana. Mwaka wa kwanza alilala juu ya usukani. Mwaka wa pili alichoka kulala, akashuka. Akaanza kuhesabu aina za mimea kwa ukaidi tu, na alipofika mia moja na arobaini akaacha kuhesabu, akaanza kutazama.

Akaona kwamba zile nyasi ndefu, zenye suke la vidole vitatu kama mguu wa bata mzinga, hata mwaka wa ukame hazikunyauka. Akasoma, akajua kwamba mizizi yake inashuka chini kuliko kaburi. Akaona kwamba mmea unaoitwa dira husimamisha majani yake ukingo mmoja kaskazini na mwingine kusini, ili jua la adhuhuri lisiyakaushe. Akajua kwamba mimea ya jamii ya kunde huwalisha majirani zake kwa chini, kimyakimya, na kwamba kila mwaka sehemu kubwa ya mizizi ya mbuga hufa huko huko ilipo na kugeuka udongo. Udongo huo ndio ule mweusi ambao kina Galen walijivunia kuwa ni jasho la babu zao.

"Jasho," Verla alikuwa akisema, kisha akisonya. Kwa maoni yake babu hao walikuta chakula mezani, wakakaa, wakajisifu kwamba wamepika.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu, Aprili ikifika, aliyachoma makaburi. Mwanzoni watu wa Lien walimwona mwendawazimu, halafu wakamzoea, kama watu wanavyozoea mbwa mkali. Hakujisumbua sana kuwaeleza. Waliouliza aliwajibu kwamba mbuga bila moto huvamiwa na miti, nayo miti huua nyasi kwa kivuli. Wenyeji wa kwanza walijua hivyo wakaichoma, radi nayo ikaichoma, nyati wakaja kula machipukizi, ng'ombe wa leo hawawezi hata kuota ndoto za nyati wale. Mtu akiuliza swali la pili, alimtazama viatu.

Ardis, mdogo wake, mke wa Galen, alifariki akazikwa katika makaburi hayo. Miaka mitatu baadaye Galen akawa mwenyekiti wa kamati ya makaburi, na mwezi wa Aprili akaitisha mkutano katika chumba cha chini ya kanisa. Kulikuwa na kahawa nyepesi ya kuona aibu na chapati za viazi zilizopakwa siagi na sukari. Wajumbe walikuwa watano, Verla mmoja wao. Galen alieleza kwamba tarafa ingetimiza miaka mia moja na hamsini, na wageni wangekuja kutoka mbali kutafuta majina ya wazee wao, nao wangekuta pori. Pendekezo lake lilikuwa hivi: Juni nyasi zifyekwe, Septemba ardhi ipigwe dawa ya kuua magugu mpaka kibaki kipara, kisha ipandwe nyasi fupi ya uani, safi, kama makaburi ya watu wengine.

Verla alimwacha amalize. Kisha akauliza kama ni wageni wenyewe walioomba kuletewa kapeti.

"Si wageni tu, shemeji," Galen alisema. Sauti yake ilishuka. "Mimi mwenyewe simwoni mke wangu. Nikienda Agosti napapasa kwenye magugu kama mtu aliyepoteza ng'ombe."

"Ng'ombe ungempata. Ng'ombe unawajali."

Hata Verla aliona kwamba maneno hayo yamepita mpaka, lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma, akasonga mbele. Akawaambia kwamba nyasi ya uani ina mizizi mifupi kama akili zilizokusanyika mezani pale. Akawaambia kwamba Iowa nzima ilikuwa mbuga, na sasa katika kila eka elfu haijabaki hata moja, na kwamba wao, kwa bahati wasiyoistahili, wameachiwa eka moja na nusu, nao wanataka kuinyoa ili ipendeze kwenye picha. Akawaambia nyuki wanaohudumia maboga yao wanalala wapi. Akamgeukia mjumbe mmoja mmoja na kumweleza asichokijua, na kila mmoja alikuwa na kingi.

Galen alimsikiliza huku akikunja kitambaa cha karatasi. Akauliza, "Ile nyama ya nguruwe uliyokula kwangu Pasaka, shemeji, ilinenepeshwa na nini? Na ile mimea yako ya dira?"

Watu wakacheka.

"Ni mahindi," Galen akasema. "Haya haya. Unatudharau na chakula chetu kimo mdomoni."

Jibu la maneno hayo Verla alilipata, zuri na la kukata, lakini alilipata akiwa nyumbani kwake anaosha kikombe, na wa kumsikia alikuwa paka peke yake. Kura zilikuwa nne kwa moja. Kati ya wale wanne, wawili walikuja na nia ya kumuunga mkono. Hilo aliambiwa baadaye na Delmar Ott, mchimba makaburi, ambaye si mtu wa kusema uongo kwa sababu hana bidii ya kuukumbuka.

Juni ikafika. Delmar ndiye aliyetumwa kufyeka, akaja na trekta dogo lenye visu nyuma. Verla alikuwa amekwisha kukaa langoni, nyuma ya gari lake la mizigo, na chupa ya chai ubavuni.

"Usinitazame hivyo, Bi Verla," Delmar alisema. "Mimi nimetumwa."

"Fyeka. Hizi zimekatwa na meno ya nyati maelfu ya miaka. Wewe na hako kamashine unazinyoa ndevu tu."

Na kweli hakuwa na hofu na visu. Uhai wa mbuga uko chini, juu ni majani tu. Aliiogopa dawa ya Septemba, ambayo hushuka mpaka mizizini. Basi akakaa akinywa chai, akimkejeli Delmar kila alipopinda mstari, mpaka trekta lilipopita karibu na uzio wa mashariki na ndege mmoja mweusi, mwenye kisogo cha rangi ya siagi, akaruka akipiga kelele na kuzunguka hewani bila kutua. Verla alitembea mpaka pale. Kiota kilikuwa kimekandamizwa na gurudumu, na mayai yote matano yalikuwa yamepasuka. Ndege hao huja kuzaa wakitoka Amerika ya Kusini, safari ya majuma mengi, na katika tarafa nzima ya Lien hawakuwa na mahali pengine pa kutaga.

Delmar alizima injini. Alivua kofia, akasema kwamba hakukiona.

Verla hakumtukana. Alikiokota kile kiota pamoja na uchafu wake, akaendesha gari hadi nyumbani kwa Galen, akakitia ndani ya sanduku lake la barua, akafunga kifuniko, akaondoka.

Galen hakusema kitu. Verla alilichukua jambo hilo kuwa ni woga, akaongeza kidogo kwenye dharau aliyokuwa nayo.

Katikati ya Julai, alasiri ya Jumapili, mvua ikanyesha. Ilianza watu wakiwa bado mezani, na kwa saa nne ikamwaga inchi saba. Asubuhi ya Jumatatu Verla alishindwa kufika makaburini kwa gari, akaliacha njiani, akatembea. Barabara ilikuwa imefunikwa tope jeusi lililochanganyika na mahindi machanga, mizizi juu. Kwenye mteremko wa Galen maji yalikuwa yamechimba mtaro wa kumfika mtu kiunoni, na chini ya mtaro udongo ulikuwa wa njano, mkavu kwa sura hata ukiwa umelowa, udongo usioweza kumlisha hata kware.

Akaingia makaburini. Zile nyasi zilizofyekwa zilikuwa zimekwisha kufika magotini, kama alivyosema. Hakukuwa na dimbwi hata moja. Alikanyaga kwa kisigino, ardhi ikabonyea kidogo na kurudi, kama mkate uliotoka tanuri. Kwenye ukingo wa chini maji yalikuwa bado yanachuruzika polepole, meupe, unaweza kuyanywa. Inchi saba zile zile zilikuwa zimeanguka pande zote mbili za waya.

Alipovuka kurudi barabarani ilibidi aruke. Kutoka makaburini kuingia shambani unashuka mpaka magotini, na wageni siku zote hudhani kwamba Wanorwe walizika watu wao juu ya kilima. Makaburi hayakupanda. Shamba ndilo limeshuka.

Verla aliyatazama yote hayo na moyo wake ukajaa furaha mbaya. Akaenda moja kwa moja kwa Galen, na hakupangusa viatu.

Alimkuta jikoni, anakula supu ya kopo bila kuipasha moto. Koti la Ardis lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango.

"Umekuja kucheka," Galen alisema. "Cheka basi, shemeji. Kahawa ipo."

Verla hakukaa. Alimwambia kwamba udongo alioachiwa na babu yake sasa uko mtoni, na kabla ya Krismasi utakuwa baharini. Akamwuliza ni mkulima wa aina gani anayelima mteremko mpaka ukingo wa barabara, asiache hata ukanda wa nyasi wa kuyapunguza maji kasi.

"Wa aina anayejua," Galen akajibu. Aliweka kijiko chini. "Unafikiri sijui? Mimi ndiye ninayeukanyaga. Kila mwaka kile kilima kinazidi kuwa na rangi ya ngozi yangu. Huna haja ya kunihubiria. Sijui kulima kwingine, basi."

Verla alikuwa na jibu, na safari hii alikuwa nalo tayari, lakini Galen hakuwa amemaliza.

"Ardis hakutaka kuzikwa pale."

Alilisema bila hasira. Galen akaeleza kwamba mkewe alitaka kuzikwa mjini, kwenye makaburi ya kando ya barabara kuu, penye nyasi fupi na benchi, mahali ambapo mtu anaweza kushuka na viatu vya kanisani akakaa kidogo. Tangu usichana nyasi ndefu zilimbana kifua, akipiga chafya Juni mpaka baridi iingie. Alimwambia Galen, akasema atamwambia Verla.

"Aliniambia," Verla akasema polepole.

Alikumbuka. Ilikuwa hospitalini, Ardis akiwa amebakiwa na sauti kidogo tu. Alisema, "Verla, mimi si mtu wa porini," akatabasamu, na Verla akaichukua kuwa ni utani. Akamjibu kwamba ukoo wote uko Lien na hakuna atakayelala peke yake mjini kama mchuuzi aliyefia njiani. Kisha akaenda kumwambia Galen mahali pa kuchimba.

"Nami nikakubali," Galen alisema. "Ungekuwa mimi ungethubutu kubishana na wewe? Watu wote wanakuogopa, shemeji. Nikamzika pale ulipotaka, na tangu siku hiyo sijamwona."

Alikichukua kijiko chake, akaendelea na supu.

Verla alirudi kwenye gari kwa miguu. Njia nzima alitafuta neno la kumdharaulia Galen, na alikuwa na mengi ya akiba, lakini kila aliloligusa lilimkaa yeye mwenyewe vizuri zaidi, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Jumatano alikwenda makaburini na mundu, beleshi na jembe. Akafyeka njia kutoka langoni hadi kwenye jiwe la Ardis, pana ya kupita watu wawili. Kulizunguka jiwe akapima mraba, akaanza kung'oa. Katika miaka yote aliyoyatunza makaburi hakuwahi kung'oa mmea wowote wa asili, na sasa akajua kwa nini wakulima wa kwanza walivunja plau. Shina moja tu la zile nyasi za mguu wa bata mzinga lilimchukua asubuhi nzima. Alichimba mpaka mkono wote ukaingia shimoni, na bado mizizi ilikuwa inashuka, myembamba na migumu kama nyuzi za kushonea viatu, na udongo ulikuwa mweusi mpaka mwisho wa mkono. Akaitukana nyasi. Akamtukana na Ardis pia, ambaye hata akiwa amekufa alijua kumpa dada yake kazi. Katikati ya matusi akaona analia, akakasirika zaidi.

Delmar alikuwa akipita barabarani akamwona. Alishuka na beleshi lake kubwa, akachimba upande wa pili. Kabla ya jua kutua walikuwa wamemaliza mraba mdogo, na Delmar akakumbuka kwamba nyumbani kwake kuna benchi la chuma lisilo na kazi.

Hakuna aliyemwambia Galen. Lakini Lien ni Lien, habari hujifikisha zenyewe.

Septemba kamati ikakutana. Galen alisoma ajenda, akafika kwenye dawa ya magugu, akasema kwamba mpigaji dawa hawezi kuja kwa sababu ya upepo, halafu itakuwa baridi, halafu itabidi waone mwakani. Upepo haukuwa umevuma kwa majuma mawili. Wajumbe walitazamana. Verla alifungua mdomo, kwa kuwa hakuna kitu kilichomkera kama uongo usiotengenezwa vizuri, akaufunga. Jambo likapita. Wageni wa sherehe ya miaka mia na hamsini walikuja Oktoba, wakapiga picha nyasi zilizogeuka rangi ya shaba, wakasema ni maridadi kweli, wakauliza ni nani aliyezipanda.

"Wajinga," Verla alimwambia Delmar.

Aprili iliyofuata Galen alihesabu hatua ishirini kutoka kwenye waya wa makaburi, kuufuata mteremko mpaka barabarani, na hapo hakupitisha trekta. Jirani zake walipomwuliza alisema serikali ya wilaya imemwandikia barua kuhusu tope. Verla alijua hakuna barua. Alikuja na mifuko ya karatasi iliyojaa mbegu alizozivuna makaburini kwa mikono, akazimwaga, Galen akatembea nyuma yake akizikanyagia. Kazi hiyo iliwachukua siku mbili, na walizungumza labda mara nne.

Mwaka ule ukanda ule uliota takataka za kila namna. Galen alikuja Julai kutazama, mikono mifukoni.

"Haya ndiyo maajabu yenyewe, shemeji? Haya hata mimi nisingeshindwa kuyaotesha."

"Zinakua kwenda chini. Kisichokuja juu wewe hukioni."

Lakini alimwambia na ukweli, kwa kuwa hakutaka asifiwe kwa asichokiweza. Ukanda huu ungeyazuia maji, ungewapa nyuki na ndege mahali, na baada ya miaka kadhaa udongo ungeanza kurudi, unene wa kucha kwa unene wa kucha. Lakini haungekuwa kama makaburi ya Lien. Kule kuna mimea isiyokubali kupandwa, na vijidudu vya udongoni ambavyo hakuna mtu amewahi kuvipa jina, na vyote vilichukua maelfu ya miaka kuzoeana. Kuharibu ni kazi ya asubuhi moja. Kurudisha, yeye hangekuwepo, Galen hangekuwepo, na wajukuu wa Galen hawangekuwepo. Galen alisikiliza, akasema kwamba kwa mwanamke anayependa kitu hivyo, anajua sana kumkatisha mtu tamaa.

Mwaka wa tatu zile nyasi za mguu wa bata mzinga zikatokea. Alasiri moja ya Agosti Verla alikuwa amekaa kwenye benchi la Ardis, goti likimuuma, alipomsikia Galen upande wa pili wa waya. Alikuwa amemleta mkulima wa tarafa jirani, mtu mnene mwenye shaka usoni, na alikuwa akimweleza mambo kwa sauti ya mtu aliyeyagundua mwenyewe. Alimwambia kwamba mizizi ya nyasi hizi hufika futi thelathini. Verla akavumilia. Alimwambia kwamba nyati ndio waliokuwa wakizipanda kwa kwato. Verla akafumba macho, akavumilia na hilo. Kisha Galen akaushika mmea mrefu wenye maua ya manjano, alizeti mwitu isiyo na maana, inayoota hata kwenye jalala, akasema hii sasa ndiyo dira, rafiki yangu, hii huonyesha kaskazini.

"Ee Mungu, mtu huyu," Verla alisema peke yake. Akalikamata benchi, akajiinua, akaanza kuelekea kwenye waya ili akamsahihishe. Alikwenda polepole kwa sababu ya goti, na pia kwa sababu yule mgeni alikuwa amekwisha kupiga magoti na anachimba kwa vidole, anatazama.